Duma Key: riwaya ya kutisha inayojua kupona kulivyo

Watu wakianza kutaja vitabu vya Stephen King hiki huwa hakitajwi. Ukikaa na wapenzi wa stori za kutisha watakwambia yule chale wa mtaroni, watakwambia ile hoteli ya kwenye theluji, mbwa mwenye kichaa, gari lenye roho, afu wanaishia hapo, na Duma Key inabaki pembeni kama haikuandikwa. Ilitoka Januari 2008, ina kurasa zaidi ya 600, ikabeba na tuzo ya Bram Stoker ya riwaya bora ya mwaka ule, ambayo kwa waandishi wa kutisha ni tuzo nzito kwelikweli, na bado inapitwa. Mi nasema na nasimamia hapo hapo kwamba ndo kitabu chake bora kuhusu binadamu, na sababu yangu wala haianzii kwenye mizimu, inaanzia kwenye kupona. Kuumia kunaandikwa sana, kufa kunaandikwa kila siku, ila ile miezi ya katikati ambayo mtu yupo hai na hajui yeye ni nani tena, ile hakuna mtu anataka kukaa nayo, na King amekaa nayo kurasa na kurasa kabla hata mzimu haujapiga hodi.

Nakala yangu nilinunua kwa wale jamaa wa vitabu vya mtumba Posta, wanaotandaza chini pembeni ya Samora, jalada limekunjika na kurasa zimekuwa za njano, na muuzaji mwenyewe alikuwa anakiona kama tofali la kuegemezea vingine. Sa sikilizeni stori.

Edgar Freemantle ni mkandarasi wa majengo Minnesota, kaanza chini kapanda mpaka kawa tajiri, ana mke anaitwa Pam na mabinti wawili wakubwa, Melinda na Ilse. Siku moja yuko saiti ndani ya pikapu yake na kreni inarudi nyuma inamsaga humo humo ndani. Mkono wa kulia unakatwa. Nyonga inavunjika, mbavu, na fuvu linapasuka. Hayo yote yanapita haraka sana, kurasa chache tu, maana King hana haja na ajali yenyewe. Anachokitaka ni kinachofuata, kwamba Edgar anaamka na maneno yamemkimbia, anataka kusema kiti na kiti hakiji mdomoni, linakuja neno lingine la jirani yake, analisukuma linakuja lingine baya zaidi, na katikati ya kutafuta hasira inampanda mpaka anataka kuua. Sitii chumvi. Anamkaba mkewe shingo, kwa ule mkono mmoja uliobaki. Na Pam anaondoka, na kitabu hakimgeuzi Pam kuwa mwanamke mbaya kwa kuondoka, kitu ambacho ningetegemea kabisa kwa mwandishi mwingine.

Kaka yangu ni fundi ujenzi, au alikuwa. Alianguka toka juu saiti moja hapa hapa Dar baada ya mbao za jukwaa kuachia, akaumia kichwa na nyonga, akawekewa vyuma, akakaa wodini muda mrefu afu akarudi kwake Mbagala. Kwa hiyo niliposoma ile sehemu ya kiti nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Maana kaka naye alikuwa hivo hivo, mto wa kulalia alikuwa anauita tofali, anasema niwekeeni tofali hapa kichwani, na ukimpa mto huku umechelewa kuelewa anautupa ukutani, afu anaanza kulia, na shemeji anaokota mto anauweka tena taratibu kama hakuna kilichotokea. Wageni wakija wanakaa kwenye mkeka wanasema mshukuru Mungu kaka, wengine wamekufa pale pale. Na ni kweli, wengine wamekufa. Ila mtu aliyepoteza kazi yake na maneno yake na heshima yake ya kuitwa fundi, ukimwambia ashukuru kabla hajaruhusiwa kukasirika, unamfungia mlango, na nilikuwa naiona ile hasira inazunguka ndani yake haina pa kutokea.

Kwenye kitabu hasira inapewa pa kutokea. Kuna daktari wa akili anaitwa Kamen, jitu kubwa, anamletea Edgar mwanasesere wa kitambaa mwenye nywele nyekundu anaitwa Reba, anamwambia hasira ikija mwage zote kwa huyu. Mzee mzima, tajiri wa majengo, anapewa mdoli wa kumgombeza! Na anamgombeza kweli, na inasaidia, na Reba anabaki naye mpaka mwisho wa kitabu, na baadaye unaanza kumuogopa Reba pia ila hiyo ni habari nyingine. Kamen huyo huyo ndo anayegundua kwamba Edgar anapanga kujiua kwa namna itakayoonekana kama ajali, na badala ya kumhubiria anamwomba asubiri, ahame sehemu, ajipe mwaka. Afu anamuuliza swali ambalo mi sijawahi kusikia mtu akimuuliza mgonjwa yeyote: ni kitu gani kilikuwa kinakufurahisha? Edgar anafikiri wee, anasema zamani nilikuwa nachora. Basi kachore, anaambiwa.

Edgar anahamia Florida, kwenye kisiwa kidogo cha kubuni kinaitwa Duma Key, upande wa Ghuba ya Mexico, kwenye nyumba ya rangi ya pinki iliyochomoza juu ya bahari kiasi kwamba maji yakijaa yanapita chini ya sakafu, na makombe yaliyorundikana huko chini yanasagana usiku kucha kama watu wanaongea chumba cha pili. Mi nimelala Kigamboni karibu na maji najua bahari usiku inavyosema, na bado ile nyumba ilinitoa jasho. Anaanza kutembea ufukweni, anahesabu hatua, leo amefika hapa, kesho anaongeza kidogo, keshokutwa kidogo tena, anarudi anameza dawa za maumivu analala. Kurasa nyingi sana ni hizo, hatua tu. Kuna watu wanalalamika kitabu kinachelewa kuanza, jamani, kimeshaanza! Kaka yangu alienda bombani na magongo, baada ya muda akafika dukani, baada ya muda mrefu kidogo akafika barabarani akakaa kwenye benchi la bodaboda akaangalia magari, na siku ile nyumbani ilikuwa kama sikukuu. Anayesema hapo hakuna stori hajawahi kuuguza mtu.

King anayajua haya kwa mwili wake. Tarehe 19 Juni 1999 alikuwa anatembea pembeni ya barabara karibu na kwake Maine akagongwa na gari, mguu ukavunjika vibaya, nyonga, mbavu, pafu likaingia hitilafu, na wiki chache baadaye akajilazimisha kukaa kwenye meza kuandika huku nyonga inawaka moto. Baadaye akawa anaenda kukaa Florida kipindi cha baridi, na hii ndo riwaya yake ya kwanza kuiweka huko. Mwanzo wake ulitoka kwanza kama hadithi fupi mwaka 2006. Ukishajua hivyo zile kurasa za nyonga unazisoma tofauti, maana mtu aliyekaa na maumivu anajua yana saa zake, anajua kuna saa ya kidonge na saa ya kabla ya kidonge, na amezipanga hivyo hivyo.

Sasa, ule mkono. Mkono wa kulia wa Edgar haupo, umebaki kigutu, lakini unawasha. Vidole visivyokuwepo vinakunjana, kiganja kisichokuwepo kinachomachoma. Hii si uchawi, ni kitu madaktari wanakijua toka karne ya 16 na ni cha kawaida kabisa kwa watu waliokatwa kiungo, ubongo bado una ramani ya mkono hata kama mkono umeenda. Hata daktari Ramachandran kule California miaka ya 1990 alikuwa anawawekea wagonjwa kioo, wanaangalia kivuli cha mkono mzima kama vile ni ule uliokatwa, na wengine walipata nafuu. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, alishawahi kuniambia unyayo unamuwasha saa nane usiku na hana cha kukuna. King amechukua ukweli huo akausogeza hatua moja tu mbele: mkono usiokuwepo wa Edgar ukianza kuwasha, dawa yake ni kuchora. Na akichora, picha zinakuja ambazo hajui zimetoka wapi. Anamchora mchumba wa binti yake kabla hajawahi kumuona. Machweo na meli, meli na machweo, na kwenye zile meli kuna kitu kibaya na kila picha kinasogea. Akimaliza anakula kama mtu aliyefunga mwezi mzima hakufuturu, afu anaanguka analala.

Hapo ndo nakipenda kitabu hiki kuliko vyote, kwa namna kinavyoongelea kipaji. Tumezoea kuambiwa kipaji ni zawadi, na ukiumia ukapata kipaji basi Mungu amekufuta machozi. King anasema hapana, kipaji ni njaa, na njaa haikuulizi kama una nafasi. Na yapo ya kweli yanayofanana na hayo. Kulikuwa na mjenzi mmoja Liverpool, Tommy McHugh, mtu wa kazi ngumu tu, mwaka 2001 akavuja damu kwenye ubongo, alipoamka akaanza kuandika mashairi na kupaka rangi bila kusimama, kuta zote za nyumba, dari, sakafu, juu ya picha anapaka picha nyingine, mpaka alipofariki 2012. Mjenzi! Kama Edgar, kama kaka yangu. Nikiangalia habari za yule mtu naona raha yake na naona pia kwamba hakuwa na uwezo wa kuacha.

Na sisi watu wa Pwani hili wala si geni. Mtu anaumwa, hospitali hawaoni kitu, anapelekwa kwa fundi, yaani mganga wa pepo, ngoma inapigwa, pepo anapanda kichwani anataja jina lake na anachotaka, na kuanzia hapo mgonjwa anapata nafuu lakini ameshaingia kwenye deni, kila mwaka kuna ubani na sahani ya kuandaa, na wengi walioanza kama wagonjwa ndo hao hao wanaoishia kuwa mafundi wa kutibu wengine. Ugonjwa, nafuu na kipaji vinatoka mlango mmoja na mlangoni kuna mtu amekaa. Duma Key imejengwa hivyo hivyo. Yupo kiumbe wa baharini anaitwa Perse, yupo ndani ya kisanamu kidogo cha udongo, anawatafuta watu walioumia kichwa kwa sababu wana upenyo, anawapa mkono wa kuchora, afu anautumia mkono huo. Maji ya chumvi ni nguvu yake, maji baridi ndo yanamlaza. Huyu angetokea Kilwa angekuwa na rangi ya kitambaa chake na wimbo wake, na bibi zetu wangejua pa kuanzia.

Hata hapa mjini sanaa yetu moja kubwa inasimuliwa imeanza kwa mkono uliovunjika. Nendeni Mwenge kwenye vinyago, yale mashetani ya kimakonde yenye jicho moja na tumbo limegeuka kisogo, wanasema ya kwanza aliyachonga Samaki Likankoa miaka ya 1950, alikuwa anachonga binadamu wa kawaida tu, mkono wa kile kinyago ukakatika, badala ya kukitupa akakibadilisha sura kikawa shetani, akakipeleka kwa Mohamed Peera aliyekuwa na duka la vinyago hapa Dar, na kutoka pale mtindo ukaenda dunia nzima. Nikisoma habari za Edgar na kigutu chake huwa namkumbuka sana Samaki. Mti ulimnyima binadamu ukampa kitu kingine, na hicho kingine ndo watu walikitaka.

Kwenye kisiwa yuko bibi mmoja, Elizabeth Eastlake, tajiri mwenye karibu kisiwa chote, akili imeanza kumtoroka kwa uzee. Akiwa mtoto mdogo, miaka ya 1920, alianguka toka kwenye kigari cha farasi akaumia kichwa, maneno yakapotea, na yalirudi kwa kuchora. Mtoto wa ajabu, michoro yake kila mahali, baba yake anajisifu, afu mwaka 1927 dada zake mapacha wakazama baharini. Kila sura chache King anaingiza ukurasa au mbili za yule mtoto, zimeandikwa kama somo la kuchora picha, anza na karatasi nyeupe, na kadhalika, na mi naona ndo kurasa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika huyu mzee, za polepole, zinakukamata mkono kama mwalimu wa chekechea na zinakupeleka sehemu mbaya.

Na yuko Wireman. Wakili wa zamani, mkewe na binti yake wamekufa, akajipiga risasi kichwani na hakufa, risasi ikabaki humo humo ndani. Sasa anamtunza yule bibi. Edgar anamuona kwa mbali kila siku akiwa amekaa chini ya mwamvuli ufukweni, na zile hatua zake anazoongeza ndo zinamsogeza kwake, siku hii wanapungiana mkono, siku nyingine wanapungiana kwa karibu zaidi, mpaka anafika anakaribishwa kiti na kinywaji baridi. Sijui urafiki wa wanaume wawili walioumia uliowahi kuandikwa vizuri kuliko huu. Hawaambiani pole kila dakika, wanataniana, wanabishana, mmoja akizidiwa mwingine anajua bila kuambiwa. Na wakati unacheka nao, unagundua umeshawapenda kiasi kwamba likiwatokea jambo utaumia, na kitabu cha kutisha bila hilo kinabaki makelele tu.

Kuanzia hapa natoboa, kama unataka kusoma mwenyewe ishia hapa ukakitafute.

Kuna muuaji wa watoto anaitwa Candy Brown, yuko rumande, taarifa zake ziko kwenye kila televisheni. Edgar mkono unamuwasha, anamchora. Anamchora bila pua na bila mdomo. Asubuhi wanamkuta amekufa selo. Na Edgar hajutii, na mi msomaji sikujuta, nilifurahi kabisa, na ndo mtego wenyewe huo. Afu anamchora Wireman akiwa mzima na risasi inatoweka kichwani. Sa unamwambiaje mtu kama huyu aache? Ameua mwovu, amemponya rafiki, amefanya maonyesho Sarasota na watu wamegombania picha zake, nyonga inapona, maneno yamerudi, mabinti zake wanamwangalia kwa macho mapya, hata Pam amekuja. Kila kitu alichonyang'anywa na kreni kinarudi na nyongeza. Halafu waliochukua picha zile wanaanza kupatwa na mabaya, mmoja mmoja, na simu inakuja kuhusu Ilse, yule mdogo, kipenzi chake. Amezamishwa kwenye beseni la kuogea kwake, zaidi ya maili elfu moja kutoka kisiwani, na mtu aliyekuja kwenye maonyesho kumsifia baba yake.

Nitasema ukweli kwamba theluthi ya mwisho, ile ya kwenda kumtafuta Perse kwenye jumba la zamani lililomezwa na miti, ina purukushani nyingi kuliko inavyohitaji, na kuna maelezo ya mwaka 1927 yanayorudiwa mara mbili tatu. Unapita tu. Wanavyomfungia kwenye maji baridi mwishoni ni kwa akili nyepesi ya mafundi wawili watatu walioishiwa vifaa, na hiyo nimeipenda.

Kaka nilimsimulia kitabu chote, jioni baada ya jioni pale barazani kwake, maana Kiingereza hakisomi, na shemeji anapeta mchele huku anasikiliza na kuuliza maswali mazuri kuliko ya kwangu. Kaka yeye hakuamka na kipaji chochote. Sasa hivi ana kibanda cha wakala wa pesa, anatembea na fimbo, maneno yamerudi mengi, yanamkimbia akichoka. Kuhusu Reba alisema angempata yule mdoli asingetupa mto. Kuhusu Candy Brown alisema safi. Tulipofika kwa Ilse alikaa kimya afu akasema huyo mwandishi amemuonea, mtu ameshapigwa na kreni, amepoteza mkono, mke, kazi, sasa unamchukulia na mtoto, kwa nini? Shemeji akamwambia kwa sababu alikubali kupewa bila kuuliza anayempa ni nani. Kaka akasema mgonjwa haulizi. Ukiwa pale chini ukapewa kamba unashika, unauliza kamba ya nani? Wakabishana mpaka mchele ukaingia giza, na mi niliyesoma kitabu sikuwa na cha kuongeza, maana wote wawili walikuwa ndani ya kitabu kuliko mimi, na mpaka leo nikijaribu kuamua nani kashinda naona siku nyingine ni kaka na siku nyingine ni shemeji.

Ambacho hakina ubishi ni Wireman. Kila nikipita Mbagala kaka ananiuliza kama yule mzungu amemwandika tena Wireman kwenye kitabu kingine, na nikimwambia hapana, si nilikwambia alikufa kwa moyo kule Mexico, ananijibu basi amwandikie hata cha zamani, cha kabla hajajipiga risasi, akiwa na mkewe na mtoto, hata kama humo ndani hakitatokea kitu.